Shajara ya ubao wa rangi za rasta: nani anapendeza na nini (Mbeya, Juni mpaka Septemba)

Jumapili, 2 Juni

Naanza kuandika leo maana nikilala na hasira hizi kesho ntakuwa nimeshasahau. Jana tumemsuka binti wa watu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa na nusu, rasta ndogondogo namba 27 (rangi ya asali) tupu kichwa kizima, sendoff yake Jumamosi ijayo, picha kaja nayo kwenye simu na msichana wa kwenye picha kapendeza hadi unaona wivu. Tumemaliza, tumechovya maji ya moto, nikampa kioo. Akanyamaza. Shangazi yake aliyemleta ndo akasema "mbona kama anaumwa?" na jamani alikuwa hajakosea, binti aliingia na uso wake wa chokoleti mzuri tu akatoka kama mtu aliyeruhusiwa wodini, chini ya macho kijivu, midomo imepata mstari mweusi ambao asubuhi haukuwepo. Tukafumua. Pakiti saba zimeenda, siku imeenda, nusu ya hela nimerudisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Jumatano nilimsuka dada mwingine 27 hiyohiyo, ukiwaangalia harakaharaka weusi wao ni mmoja, na yule ilimtoa balaa, kina mama wawili waliokuwa kwenye draya wakaweka oda palepale. Sasa kwa nini huyu ndiyo na huyu hapana? Miaka tisa nasuka hapa Mwanjelwa na jibu langu limekuwa "itakupendeza dada" kwa kila mtu, yaani nabahatisha tu.

Kwa hiyo mradi ndo huu: ubao mmoja wa plaiwudi wenye vishungi vya kila rangi tunayouza, pamoja na vitambaa vya kumwekea mteja kifuani, na kabla hajatoa hata mia anakaa mlangoni kwenye mwanga tunamwekea kimoja kimoja tunaona. Naupa miezi mitatu.

Jumapili, 9 Juni

Wiki nzima nimesoma kwa bando la usiku. Kuna kitu wazungu wanakiita uchambuzi wa rangi kwa majira, kwamba kila mtu ni wa majira mojawapo kati ya manne ya kwao, na rangi zinazomfaa (nguo, lipstiki, nywele) zinatoka kwenye majira hayo. Mzizi wake ni mwalimu mmoja Mswisi, Johannes Itten, aliwahi kufundisha shule ya Bauhaus kule Ujerumani kuanzia 1919, na katika kazi yake ya ualimu akagundua wanafunzi wakiachiwa wachague rangi wenyewe kila mtu anachora kwa rangi zinazofanana na yeye mwenyewe, nywele zake, ngozi yake. Baadaye Wamarekani wakaifanya biashara, hasa baada ya 1980 Carole Jackson alipotoa kitabu chake kikauzwa kama maandazi. Siku hizi Wakorea ndo wameivalia njuga, unalipa unakaa kwenye kiti wanakutupia vitambaa kifuani.

Ukiondoa mbwembwe maswali ni matatu tu. Ngozi ina joto ndani (njano, dhahabu) au imepoa (wekundu wa zambarau, bluu)? Mtu kwa ujumla ni wa giza au wa mwanga? Na rangi zake ni kali au zimefifia, yaani macho, nyusi na ngozi vimeachana sana au vyote vinakaribiana? Majira ya machipuko ni joto na uchangamfu, ya kiangazi chao ni ubaridi na kufifia, ya majani kupukutika ni joto na uzito, ya baridi ni ubaridi na ukali.

Hapo nikakwama mara mbili. Kwanza vitabu vya mwanzo karibu watu weusi wote walitupwa kwenye majira ya baridi, basi, kikapu kimoja, wazungu wakajigawia vikapu vinne. Mtu anayeandika hivyo hajawahi kukaa Mwanjelwa siku ya soko akaangalia nyuso zinazopita, kuna weusi wa bluu, weusi wa shaba, maji ya kunde yenye njano, maji ya kunde yenye wekundu, kuna weupe wa kila aina, na hapo sijataja waliojibadilisha.

Pili hayo majina yenyewe. Sisi Mbeya majira ni matatu, mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, halafu baridi, halafu vumbi. Nikimwambia mama wa Iyunga wewe ni wa majani kupukutika ataniuliza majani gani. Nimeyabatiza upya. Joto changamfu ni Kitulo, yale maua. Ubaridi uliofifia ni Ukungu, huo wa asubuhi Uyole. Joto zito ni Udongo, tofali la kuchoma. Ubaridi mkali ni Makaa, ya mawe, ya Kiwira, yale meusi yanayong'aa. Msaidizi wangu kayashika kwa dakika moja.

Jumapili, 16 Juni

Ubao upo. Plaiwudi nimeokota kwa fundi makochi, bure. Vitambaa: fundi cherehani wa jirani kanipa mabaki ya vitenge lakini vitenge vina maua na maua yanachanganya macho, kwa hiyo nimetafuta vya rangi moja, satini ya dhahabu na satini ya fedha nimezipata kwa mama wa mapambo ya harusi, vingine ni njano, chungwa, damu ya mzee, waridi kali, bluu, kijani cha mgomba, ugoro na kijivu. Shuka jeupe la kufunika nguo alizovaa, na kilemba cheupe cha kufunika nywele alizonazo, hii ni lazima maana mtu akija na rasta nyekundu kichwani utakuwa unapima rasta, yeye hujamuona.

Vishungi nimekata urefu wa kiganja, kumi na mbili. Kwa asiyejua namba: 1 ni nyeusi tii, 1B nyeusi iliyolegea kidogo (ndo nywele zetu wengi zilivyo kiukweli), 2 ni kahawia inayokaribia nyeusi, 4 kahawia yenyewe, 33 kahawia yenye wekundu, 30 nyekundu ya kahawia iliyo nyepesi zaidi, 350 shaba, 27 asali, 613 ile nyeupe ya mzungu, 99J damu ya mzee. Halafu nimeongeza kijivu na bluu iliyokolea. Angalizo, namba ni hizohizo ila kampuni haziko sawa, 30 ya pakiti hii inaweza kukaribia 33 ya pakiti ile, kwa hiyo nimekata kwenye mzigo ninaouza mwenyewe, na mzigo ukibadilika nakata upya.

Gharama mpaka leo elfu kumi na nane na mia tano, nyingi ni pakiti nilizozifungua.

Jumapili, 23 Juni

Majaribio ya kwanza, watu sita, wote majirani wa hapa sokoni na wote kwa chai na chapati. Matokeo: wote sita ni Ukungu. WOTE. Muuza nyanya Ukungu, dada wa uwakala wa pesa Ukungu, mdogo wangu Ukungu. Nikasema basi na mimi nimeshatengeneza kikapu kimoja kama wale wazungu.

Jumapili, 30 Juni

Nimejua tatizo na nimejicheka. Ni baridi! Mwezi wa sita Mbeya ngozi ya mtu asubuhi imepauka, upepo mkavu, mtu kanawa uso kwa maji ya bomba akatoka mbio hajapaka mafuta, sasa ule mpauko unakaa juu ya ngozi kama vumbi la chokaa, lazima umuone kijivu, lazima aonekane amepoa na amefifia. Nilikuwa napima mpauko.

Nimewarudia walewale, safari hii kila mtu anapaka mafuta kidogo usoni na shingoni, tunasubiri robo saa yaingie, tunafuta yanayong'aa kwa tishu ndo tunaanza. Muuza nyanya kageuka Udongo, mchana kweupe. Satini ya dhahabu ilivyomgusa kidevu uso ukawa mmoja, makovu ya chunusi yakarudi nyuma, ya fedha ilivyokuja yakatoka tena moja moja kama yanaitwa majina.

Hicho ndo cha kuangalia, na imenichukua muda kukielewa: macho yako yasikae kwenye kitambaa kuona kama ni kizuri, vitambaa vyote ni vizuri. Angalia chini ya macho, pembeni ya midomo na kwenye taya. Rangi isiyo yake inachimba vivuli na kutoa madoa, au unaiona rangi kwanza na mtu baadaye. Rangi yake inasawazisha, weupe wa macho unakuwa mweupe kweli, unamuona yeye. Ile ya kuangalia mishipa ya mkono kama ni kijani au bluu nimeitupa, kwa mtu mweusi tii mishipa yenyewe huioni.

Jumapili, 14 Julai

Wiki mbili sijaandika, wateja wengi na umeme wa kusuasua. Ila kuna kitu kimenikera kuliko yote. Watu niliowapima kuanzia tarehe 2 mpaka 10 karibu wote wamekuwa Udongo au Kitulo, joto joto joto. Nikaanza kusema labda watu wa Mbeya ndo tulivyo. Juzi nimemkalisha mteja, nikamwambia ageuke kidogo, shavu la kulia joto, shavu la kushoto baridi. Mtu mmoja! Nikatoka nje kuangalia, kumbe jirani kapakiwa ukuta wa duka lake wote nyekundu, matangazo ya mtandao wa simu, wameupaka mwanzoni mwa mwezi na jua la asubuhi linaupiga linarudi mlangoni kwangu. Nilikuwa nawapima watu na ukuta.

Watu tisa kwenye daftari nimewafuta, siwezi kuwaamini. Saivi nawakalisha mlango wa nyuma, ukuta wa simenti haujapakwa kitu, kivulini, saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Ndani hapafai, taa zangu za tyubu zinamfanya kila mtu Makaa, na juani hapafai pia, huku juu karibu mita 1,700 jua la kipupwe linachoma na kufubaza kila kitu hata kama unatetemeka. Na simu ndo kabisa, kamera inajirekebishia rangi yenyewe, halafu ina kile kipodozi chake cha kulainisha uso. Mteja akinitumia selfi nimpime nasema njoo mama, njoo tu.

Jumapili, 21 Julai

Sasa mambo yamekaa. Kumi na mmoja wiki hii, na nimepata niliokuwa nawatafuta: dada wawili baba mmoja mama mmoja, wanyakyusa wa Tukuyu, wote maji ya kunde, ukiwaona barabarani utasema mapacha. Mkubwa Kitulo. Nimemwekea 27 na 350 zimechanganywa, uso umewaka kama kuna mtu kafungua dirisha. Mdogo, 27 ikamgeuza manjano kama mwenye homa ya ini, 350 ikaleta wekundu puani, nikaweka 99J, shwari kabisa, huyu Makaa. Mama yao alikuwa amekaa pembeni na mwavuli wake akasema "ndaga (asante) mwanangu, hawa mi nawanunulia nguo sare tangu wadogo, kumbe mmoja nilikuwa namuonea."

Kinachonishangaza ni kwamba weusi au weupe wa mtu haukwambii kitu kuhusu joto lake. Mweusi tii anaweza kuwa Udongo kabisa, nimempata mmoja, mwanafunzi wa chuo, ngozi ya kahawa iliyoungua lakini ndani kuna shaba, yeye 33 na 30 ndo zake, nyeusi tii 1 inamfanya awe kama picha isiyo na taa. Na wengi tunadhani nyeusi inampendeza kila Mwafrika sababu tumezaliwa nayo. Tumezaliwa na 1B jamani, au 2, juani utaona ina ukahawia. Ile 1 ni wino.

Kwa wino nina mfano wa mzee mmoja, dereva mstaafu, anakuja kila baada ya wiki tatu tumpake dawa nyeusi afiche mvi. Shikamoo yangu anaitikia akiwa ameshakaa kwenye kiti. Nikamwomba nimpime kwa heshima zote. Ukungu safi. Ile nyeusi inakaa kichwani kwake kama kofia, mikunjo yote inasimama. Nikamwambia baba, tukiweka kahawia ya majivu na kuacha mvi kidogo pembeni utakuwa kijana wa miaka hamsini. Akakataa. Kasema mvi za pembeni ni za wachungaji. Sawa, lakini angalau nimemlazimisha kupima dawa nyuma ya sikio siku mbili kabla, saa 48, maana nyeusi hizi nyingi zina kemikali ya PPD, hiyohiyo iliyo kwenye piko, na mtu anaweza kuitumia miaka kumi bila shida siku ya kumi na moja anavimba kichwa macho hayafunguki. Nimewahi kuona, sitaki kuona tena.

Jumapili, 11 Agosti

Wiki ya Nane Nane ndo imeisha, kila mtu alitaka kwenda viwanja vya John Mwakangale na kichwa kipya, nimesuka mpaka vidole vimekufa ganzi. Ubao umefanya kazi wenyewe, wateja wanapimana wao kwa wao kwenye foleni, na wanapimana kwa ukali kuliko mimi, "hiyo inakuzeesha shoga toa."

Swali lililojirudia: je kama sitaki rasta, nataka nywele zangu mwenyewe ziwe rangi? Nimefanya jaribio na nywele zangu nilizokata mwezi wa tano, za kipilipili, hazina dawa. Vifungu vitano, blichi na peroksaidi ya asilimia 6 (ile wanayoita voliumu 20), natoa kimoja kila baada ya dakika kumi. Cha kwanza kahawia yenye wekundu. Cha pili wekundu wa kutu. Cha tatu chungwa. Cha nne chungwa iliyochangamka. Cha tano kinaelekea njano na kimeanza kuwa kama sufi, ukikivuta kinanyumbuka halafu kinakatika.

Nimekaa nikaangalia vile vifungu nikaelewa kitu ambacho sijakiona kikisemwa vizuri popote: nywele nyeusi ukizitoa rangi zinapita kwenye moto. Hakuna njia ya pembeni. Wekundu na njano vimo ndani yake, weusi ukitoka ndo vinabaki. Kwa hiyo mtu wa Udongo akiblichi anasimama popote njiani na bado yuko nyumbani, wekundu wake, shaba yake, anapendeza. Mtu wa Makaa au Ukungu anayetaka kijivu au kahawia ya majivu inabidi avuke moto wote mpaka njano hafifu, ndo amwagiwe zambarau ya kuua hiyo njano, na nywele zetu zikifika huko nyingi zimeshakufa, halafu baada ya kuosha mara tano sita chungwa inachungulia tena. Kwa hao nasema rasta, wigi, weaving, chochote ambacho kimepakwa kiwandani. Au hina iliyochanganywa na nili ya majani (siyo ile ya kufulia) ukitaka weusi wa baridi, lakini nili inataka subira na watu wangu hawana.

Jumapili, 18 Agosti

Hili nimelizungukia muda mrefu. Mkorogo. Mteja uso chungwa, shingo kahawia, vidole vya mkono vyeusi kwenye maungio. Nimpime wapi? Wiki mbili nilikuwa napima uso kwa sababu ndo unaokaa karibu na nywele, na majibu yalikuwa yanayumba, leo hivi wiki ijayo vile, maana uso wenyewe unabadilika kila kopo. Sasa napima kifuani chini ya koo ambako wengi hawapaki, nachagua rangi ya hapo, halafu naiangalia usoni kama haigombani. Mara nyingi kahawia namba 4 ndo mpatanishi.

Simsemi mtu. Ila nimegundua ubao unasema bila mimi, dada mmoja alijiona satini ikimpendeza kifuani na usoni inakataa, akaniuliza taratibu kama nina mafuta ya nazi. Nikamuuzia. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na bado zinapita, nani asiyejua.

Jumapili, 1 Septemba

Daftari linasema 41 baada ya kufuta wale tisa. Makaa 15, Udongo 14, Kitulo 7, Ukungu 5. Sio sayansi, ni wateja wangu tu, lakini kile kikapu kimoja kimeshavunjika. Mwanzoni nilitaka kugawa kumi na mbili kama wanavyofanya siku hizi, kila majira yana watoto watatu, nikaacha. Pakiti za rasta haziko kumi na mbili kwa kila mtu, nne zinatosha, zaidi ya hapo namuongezea kitu kimoja tu, ukali. Ambaye macho na nyusi vimeachana sana na ngozi anaweza kubeba rangi mbili zinazogombana, mfano 1B na 613 kwa mistari. Ambaye vyote vinakaribiana nampa rangi mbili jirani, 4 na 33, au ombre, ile rangi inayobadilika taratibu kuelekea chini. Nilikuwa namwekea kila mtu mistari, kumbe ndo maana wengine walikuwa wanaonekana nywele tu.

Kosa jingine dogo: kishungi kipya kinang'aa kinadanganya, kinaonekana kikali kuliko kitakavyokuwa baada ya maji ya moto na wiki mbili za kuoga. Vyote nimevichovya na kuviosha, vimetulia.

Jumapili, 15 Septemba

Yule binti wa sendoff karudi. Ameshaolewa, kaja na shangazi yuleyule, nikawa naogopa hata kuwakaribisha viti. Nimempaka mafuta, kilemba, shuka, mlango wa nyuma. Makaa, na ukali wa juu, meno na macho meupe kama karatasi. Fedha ikampendeza hadi shangazi akapiga kigelegele kidogo. 99J, safi. Bluu iliyokolea, safi zaidi. Nikamwekea na 27 ili aone mwenyewe, ugonjwa ukarudi palepale, akauona, akacheka.

Halafu akasema "dada, mi naomba 27."

Nikamwambia mdogo wangu si umeona? Kasema ameona, ila anaitaka tu, tangu yuko kidato cha pili anaitaka. Shangazi kashika kichwa. Tumekaa tukazungumza mwisho tukakubaliana: kuanzia mbele mpaka masikioni 1B na 99J, vile vinavyogusa uso, na 27 ikae nyuma ndani ndani, mstari wa chini shingoni, akibana haionekani, akiachia na kugeuka ndo inachungulia. Kwa muda wa saa sita na nusu tumemaliza. Kajiangalia mbele akatulia, kajigeuza nyuma kwa kioo cha pili akapiga kelele. Shangazi kalipa yote na ya soda juu.

Ubao unahitaji ukarabati, vumbi la Septemba limeingia, vitambaa nitavifua, vishungi nitavifunika na nailoni. Cha 27 ndo kimechakaa kuliko vyote, kimebaki nyuzi tatu nne, kila anayekaa anaanza kukishika hicho. Kesho nanunua pakiti nyingine.